Kwanza Iwake

Sikumpenda siku ya kwanza, na siku ya mwisho nilipomwona nilikuwa bado simpendi. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akadhani namwandikia mtu huyu sifa za marehemu. Kwanza, kwa ninavyojua, hajafa. Pili, kuna mzee mmoja kijijini, kwenye barabara ya kwenda Manyoni, ambaye kwa miaka mingi aliniuliza swali lile lile kila nilipopita kwake: "Umemwona? Amesema?" Nami nikamjibu, "Bado, mzee." Ninayemwandika hapa ndiye aliyetakiwa kusema.

Sote tulimwita Msimamizi. Jina alikuwa nalo, liliandikwa kwenye kitambulisho alichoning'iniza shingoni, lakini kitambulisho chenyewe kilikuwa kimegeuka nyuma siku zote. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, sikuwahi kuuliza. Nilimkuta tayari yupo, kama mtu anavyokuta jiwe njiani.

Mimi niliacha shule kabla ya kumaliza ya msingi, na tangu hapo sijaweza kukaa mahali pamoja. Nimechoma mkaa Mitundu, nimelina asali kwenye vichaka vya huko huko, nimepakia vitunguu, nimekuwa utingo wa lori la alizeti. Kazi ya kebo niliipata Singida Mjini kwa sababu nilisimama kuangalia watu wakichimba pembeni mwa barabara, nikauliza hiki nikauliza kile, hadi mkubwa wao akachoka. "Mdomo umefanya kazi ya kutosha," akaniambia. "Chukua sururu, tuone mikono." Huyo ndiye Msimamizi. Tangu siku hiyo aliniita Mzururaji.

Kazi yetu ilikuwa moja tu: kebo ikikatika, irudi. Kebo yenyewe ni nyeusi, nene kama kidole gumba. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, ndani ya nyuzi unapita mwanga, na ndani ya mwanga, kama nilivyoelezwa nikakataa kuamini, zinapita hesabu za benki, picha za harusi na matusi ya mkoa mzima. Ikikatwa, watu wanasimama. Dirisha la benki linafungwa, karani wa halmashauri anatoka nje kuota jua, kijana anaipiga simu yake makofi akidhani imeharibika.

Zamani, simu zilipokuwa za shirika moja la serikali, waya ukianguka watu walisubiri mafundi wamalize kwanza msiba wa jirani. Msimamizi alikuwa fundi wa nguzo zama hizo, akapunguzwa kazini shirika lilipouzwa. Wengi waliopunguzwa waliliita lile shirika kama wanavyoita mama yao. Yeye alilidharau. "Tulikuwa tunalala, na simu zinalala," alisema. "Sasa ni soko huria. Ikikatika, kuna mtu Dar es Salaam anafokewa. Yeye ananifokea mimi, mimi nawafokea ninyi. Ninyi fokeeni sururu." Na alikuwa na msemo wake, aliousema tukipanda gari, tukichimba, tukifukia, hata tukigombana juu ya chai: "Kwanza iwake. Lawama baadaye."

Nimpe haki yake: kwa haraka, hakuna aliyemzidi. Makundi mengine ya mafundi, mkoa ukizima, yalianza kwa kukaa kwenye kituo cha mitambo na mashine ya kupimia. Mashine hiyo hurusha mwanga ndani ya uzi. Mwanga ukifika palipokatika hurudi, nayo inakuambia umbali. Lakini umbali ule ni wa kebo, siyo wa barabara. Kebo imezungushwa mizunguko ya akiba hapa na pale chini ya ardhi, kwa hiyo ukifika mahali penyewe bado unatafuta kama mtu aliyeangusha sindano kwenye majani. Msimamizi hakuingojea mashine. Alipanda gari, akafumba macho kidogo, akamwambia dereva, "Kwenye mawe ya baada ya shule," au, "Kijito cha pili." Tukifika, tunakuta. Mara nyingi tulikuwa tumeshaifukua kebo ndipo kijana wa kituoni anapiga simu kututajia umbali.

"Ananusa," wenzangu walisema. Vijijini walisema ana dawa. Yeye hakukubali wala hakukataa. Alipangusa tu pua yake kubwa kwa kitambaa na kutazama mbali.

Simu yake ilikuwa kwenye spika siku zote. Alidai ni kwa sababu mikono ina kazi, lakini hata akiwa ameketi na mikono mitupu ilikuwa kwenye spika. Alitaka tuwasikie wakubwa wa Dar es Salaam wakimsifu. "Mzee, leo umekwenda na ndege?" wanamuuliza, naye anatutazama usoni mmoja mmoja kabla ya kujibu. Akijibu alipiga kelele kana kwamba Dar es Salaam iko ng'ambo ya bonde na simu ipo kwa ajili ya kumsindikiza tu.

Sasa sikiliza alivyokuwa akila. Tukifika kijijini penye kebo iliyokatwa, kabla sururu haijagusa ardhi, alimwita mwenyekiti wa kitongoji. "Kijiji chako kimezima mkoa," anamwambia. "Vijana wangu watakula nini?" Basi analetwa kuku. Yeye alimwita kuku wa usumbufu. Akishapikwa, Msimamizi alitaka firigisi. Huku kwetu kila mtu anajua firigisi ni ya nani; hata mgeni wa heshima huwekewa na mwenye nyumba, hajichukulii. Nimeona mzee mwenye mvi, mbele ya wake na wajukuu zake, akisukuma bakuli kwa mikono miwili na kugeuza uso pembeni, na Msimamizi anatafuna huku anaongea na Dar es Salaam.

Tena alikuwa na utaratibu wake wa nani awake kwanza. Nyuzi zina rangi, na kila fungu lina mwenyewe. Alianza na kampuni za simu, wakafuata wa benki, kisha ofisi za wakubwa. Hospitali ya mkoa ilikuwa kwenye fungu la kijivu, nalo liliungwa mwisho kabisa, wakati sisi wachimbaji tumeshaanza kukusanya majembe. Nikamuuliza kwa nini.

"Wa kijivu hawapigi simu kulalamika," akasema. "Mgonjwa amezoea kusubiri."

Alisema bila ubaya wowote usoni, kama mtu anayekueleza kwamba kiangazi kina vumbi.

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya mzima mzima. Lakini kabla ya kuunga nyuzi alinawa kwa sabuni hadi viwikoni, taratibu, kama anayejiandaa kuswali. Akaingia kwenye hema dogo lililofungwa pande zote, maana upepo wa Singida hauna adabu na punje moja ya vumbi inaharibu uzi. Mle ndani, mikono ile iliyokuwa ikipanda nguzo ilishika unywele wa kioo kama mtu anavyoshika kope ya mtoto. Tulinyamaza wenyewe, hakutuambia. Na akimaliza, vipande vya kioo vilivyokatwa alivikusanya kimoja kimoja kwa utepe wa gundi, akavitia kwenye kopo la maziwa. Kikimponyoka kimoja, hatuondoki. Nimemwona amepiga magoti kwenye jua la mchana, mtu mzima, akipapasa mchanga kutafuta kitu kisichoonekana kwa macho.

"Ng'ombe wa watu wanalamba chumvi hapa," alisema. "Kikiingia kooni?"

Koo la ng'ombe asiyemjua alilijali. Kumbuka hilo, maana mimi sijaweza kulisahau, na halinisaidii kumwelewa.

Aliyenifungua macho ni Kasimu, mchimbaji mwenzangu, mtu wa Utemini, mwenye utani kama chumvi. Kasimu alikuwepo tangu kebo inalazwa, na Msimamizi ndiye aliyeisimamia kazi ile ya kulaza. Siku moja tumekaa kivulini nikamuuliza, "Hivi huyu mzee ananusa nini?"

"Mtu hasahau kichaka alimojisaidia," Kasimu akasema.

"Maana yake?"

"Maana yake mkataba ulitaka mtaro wa kufika kifuani. Kwenye udongo laini, sawa, tulichimba. Tukifika kwenye mwamba, na barabara hii unaijua ni mwamba mtupu, mzee anasema: laza juu, funika changarawe, twende. Tukichelewa tutaonekana wazembe."

"Na kampuni haikukagua?"

"Ilitaka picha. Tulikuwa na shimo moja, baba, shimo zuri, refu, kwenye tifutifu. Tukalipiga picha na kijiti cha kupimia. Kesho tunarudi, tunalipiga kwa upande wa pili. Siku nyingine mimi navua kofia nyekundu, navaa ya njano, nainama, napigwa. Shimo lile lina picha nyingi kuliko bibi harusi."

Akacheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa naziona safari zetu zote zikijipanga kichwani: kwenye mawe baada ya shule, kijito cha pili, kona ya mnadani. Kila mahali tulipoitwa palikuwa ni mahali alipodanganya. Hakuwa ananusa. Alikuwa anakumbuka. Kebo ilikatwa pale ilipolazwa juu juu, yeye akawahi kwa sababu ndiye aliyeilaza juu juu, na kwa kuwahi huko akasifiwa kwenye spika.

Na tukishaunga tulifukia vile vile. Nilimwambia siku moja, "Msimamizi, si tuushushe mtaro sasa, tuko hapa hapa na zana tunazo?"

"Kwanza iwake."

"Imeshawaka."

"Basi panda gari."

Sasa nije kwa Mzee Ntandu, yule wa swali. Alikuwa na bustani ya vitunguu kando ya kijito cha mchanga. Kiangazi kijito kinakauka, lakini watu wa pale wanajua kwamba ukingoni, mwamba unapoanzia, maji hukaa juu ya mwamba chini ya mchanga. Unachimba kidogo yanatoka. Mvua zikija zinakifukia kisima, na mwaka unaofuata unachimba pembeni yake. Wamefanya hivyo kabla ya kebo na kabla ya barabara yenyewe. Na pale maji yalipokwama juu ya mwamba, ndipo Msimamizi naye alipokuwa amekwama. Asubuhi moja jembe la mzee liligonga kitu cheusi. Akadhani ni mzizi. Akaukata.

Tulipofika alikuwa ameketi ukingoni, hajakimbia. Kwa umri alikuwa mkubwa kuliko Msimamizi, mtu wa kuamkiwa. Sisi tukamwamkia. Msimamizi hakumwamkia.

"Nani amekata?"

"Ni mimi, baba. Nilidhani mzizi."

"Mzizi wa mti gani huo, mweusi, umenyooka kutoka Dodoma?"

Wengine wakacheka. "Miti ni mingi," mzee akasema.

"Umezima mkoa mzima, unaleta mafumbo? Kaa hapo. Weka jembe mapajani, lisiguswe, huo ni ushahidi."

Mzee akakaa na jembe mapajani, wajukuu zake wanatazama, wanawake wenye ndoo wanatazama, mwenyekiti anatafuta kuku. Kwenye jua lile alikaa mpaka askari walipokuja. Mimi nilishuka kisimani. Nikaweka mkono wangu ukutani, kidole gumba usawa wa ardhi, kidole cha mwisho chini. Kiligusa kebo.

"Msimamizi," nikasema, "hii mbona ni shubiri?"

"Mmomonyoko. Maji yamechukua udongo."

"Na mwamba ulio chini yake? Nao umepanda juu?"

Kasimu alianza kukohoa. Msimamizi akapangusa pua. "Mzururaji," akasema, "vua koti."

Nikalivua lile koti la kung'aa la kampuni, nikaliweka juu ya jiwe. Nikatembea na askari na mzee hadi kwenye gari lao, nikaomba kupanda, wakanikatalia, nikafuata kwa lori la kokoto. Kituoni nilieleza yote: mwamba, shubiri, shimo la picha. Askari aliyekuwa zamu alinisikiliza kwa upole.

"Wewe una cheo gani kwenye kebo?"

"Mchimbaji. Nilikuwa mchimbaji."

"Tangu lini si mchimbaji?"

"Tangu mchana."

Akaweka kalamu chini. "Kumbe una hasira na bosi wako. Nenda kapumzike, kijana."

Mzee Ntandu alikaa mahabusu hadi vitunguu vikakauka na mvua zikanyesha. Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Shahidi alikuwa Msimamizi, na Msimamizi hakutokea hata mara moja. Alituma ujumbe kwamba yuko kwenye kebo. Hatimaye kesi ikafutwa. Lakini kufutiwa kesi siyo kusafishwa. Kijijini walikuwa wamechoshwa na askari waliokuja kuhoji kila mwenye jembe, na vijana walikuwa wamenyimwa vibarua vya kampuni kwa sababu kijiji kimeandikwa kuwa cha wahujumu. Hasira yote wakamtupia yeye. Wakamtoa kwenye kamati ya maji aliyoianzisha mwenyewe. Wakamwita Mkata Mtandao. Wajukuu wake waliitwa hivyo hivyo shuleni.

"Ilikuwa shubiri," aliwaambia kwenye mkutano. Wakamwambia aonyeshe. Angeonyeshaje? Kebo ilishafukiwa, na kuifukua ni jela. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kusema neno hilo likaaminiwa. Kwa hiyo kila nilipopita, nikiwa na lori la mtu au kwa miguu, mzee alitoka mlangoni: "Umemwona? Amesema?" Mara moja aliongeza kitu kingine. "Hata kuniamkia," alisema, "hakuniamkia."

Miaka ikapita. Nilikwenda Kahama, nikarudi, nikauza viatu vya mtumba, nikaacha. Nikapata jipu kwapani, jipu la kumliza mtu mzima, nikaenda hospitali ya mkoa. Foleni ilikuwa haisogei. Kompyuta za mapokezi zilikuwa zimewaka lakini hazifungui kadi ya mtu. "Mtandao hakuna," dada wa dirishani alisema, ameegemeza shavu kwenye kiganja. "Kaeni tu, jamani."

Kwenye benchi la mbele kabisa, wa kwanza kwenye foleni, alikaa Msimamizi. Amekonda, pua imebaki peke yake usoni. Mkono mmoja ameubana ubavuni. Kitambulisho hakuwa nacho tena, ila mkono ulikuwa ukipanda kifuani mara kwa mara kukitafuta.

Nilimwamkia kwa sababu mama yangu alinifundisha, siyo kwa sababu alistahili. "Shikamoo, Msimamizi."

"Nani? Sema kwa nguvu."

"Mzururaji!"

"Marahaba. Bado unauliza uliza?"

"Bado. Leo imekatika wapi?"

Alifumba macho, kama zamani. "Upande wa Shelui wamefukua daraja tangu wiki iliyopita, kebo ya huko imekufa. Mkoa umesimama kwa mguu mmoja. Basi mguu huo ndio umekatika, wa Manyoni. Kiangazi kama hiki watu wanatafuta maji…" Akakatisha. Alijua nimejua.

"Waambie basi wanaotafuta."

"Wana mashine."

Tukakaa. Jua likahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Aliubana ubavu, akauachia, akaubana. Nyuma yetu alikaa mama mmoja aliyejifunga khanga mbili, mwenye kikapu cha chakula cha mgonjwa. Akauliza hivi mafundi wa mtandao wenyewe wako wapi. Nadhani swali hilo lilimchoma Msimamizi kuliko ubavu. Akatoa simu. Intaneti ilikuwa imekufa, ila kupiga ilikuwa bado inapiga kwa minara. Akaiweka kwenye spika, kama siku zote, na kwa kuwa sasa masikio yalikuwa mazito alipiga kelele maradufu.

"Mko wapi ninyi?"

"Tuko eneo la tukio, mzee," ikajibu sauti ya kijana. "Umbali tumeupata ila hatuoni kitu. Tumechimba mpaka kiunoni."

"Acheni kwenda chini! Iko juu!"

"Juu wapi, mzee?"

"Kijito cha mchanga, ukingo wa kulia ukitoka mjini, hapo penye mwamba! Haikwenda chini hapo. Haijawahi kwenda chini! Tuliilaza juu ya mwamba tukafunika changarawe. Ni shubiri, shubiri moja tu! Paruzeni kwa mikono mtaikuta!"

"Lakini michoro inasema…"

"Michoro ni ya shimo lingine!"

Foleni yote ilikuwa imegeuka kumtazama. Dada wa dirishani alikuwa ameinua shavu. Yule mama wa kikapu alisogea mbele, polepole, akasema, siyo kwa Msimamizi bali kwa sisi sote, "Kijito cha mchanga? Si ndicho cha kwetu hicho? Pale bustanini kwa Ntandu?"

"Ndipo hapo hapo, mama," nikasema.

Baada ya saa moja na zaidi, simu zikaanza kulia mikononi mwa watu, moja baada ya nyingine, jumbe za tangu asubuhi zikimiminika. Watu wakashangilia. Dada wa dirishani akagonga gonga kompyuta yake, akatikisa kichwa. "Kwetu bado."

Msimamizi akapiga tena. "Anzeni na kijivu!"

"Mzee, tunakwenda na utaratibu wako. Kijivu ni mwisho."

"Niko hospitali!"

"Pole sana, mzee wetu. Vuta subira."

Akaiweka simu juu ya goti. Nilikuwa nayo mdomoni, ile ya mgonjwa aliyezoea kusubiri, nimeihifadhi miaka yote hiyo ikiwa ya moto. Sikuisema. Siyo kwa huruma. Mama wa kikapu alinitangulia. Alisimama mbele yake akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Kebo ya shubiri. Ulijua tangu zamani?"

Nilidhani atasingizia masikio. Akamtazama, mkono ukapanda kifuani, haukukuta kitu. "Kwanza iwake, mama," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Lawama baadaye."

Mama akabaki amesimama pale pale. Dada wa dirishani akapiga kofi mezani. "Umerudi! Haya, wa kwanza nani?"

Msimamizi akainuka kwa shida. Alikuwa amegeuka kwenda ndipo nikamwambia, kwa nguvu, ili asikie:

"Msimamizi! Imewaka."

Alisimama. Mgongo wake ulikuwa umetuelekea, shati limemshika kwa jasho. Nikahesabu kwamba atageuka. Hakugeuka. Alikwenda dirishani, akapitisha kadi yake kwenye kile kitundu, akainama kusikiliza anachoambiwa. Hivyo ndivyo nilivyomwacha.

Kesho yake jipu limepasuliwa, nikapanda basi la asubuhi kwenda kwa Mzee Ntandu, nimebeba habari kifuani kama mtu aliyebeba maji bila kifuniko. Nikakuta nimechelewa. Yule mama alikuwa amepiga simu kijijini kabla hata ya kutoka kwenye foleni. Uwanja wa mzee ulikuwa na watu. Wengine walijifanya wamekuja kuazima nyundo. Vijana wawili waliokuwa kijitoni na mafundi walikuwa wamerudi, wanaonyeshana shubiri kwa vidole, mzee ameketi akiwatazama. Mwenyekiti, yule yule aliyemtoa kwenye kamati ya maji, alikuwa ameleta kuku, na kuku alikuwa ameshapikwa. Akachukua bakuli kwa mikono miwili, akaliweka mbele ya Ntandu, firigisi juu.

Mzee akanivuta nikae karibu naye. Nikasubiri swali lake. Hakuniuliza kama nimemwona, wala kama amesema.

"Alikuwa anaumwa nini?" akauliza.

"Sikumuuliza."

Aligeuka akanitazama vizuri, tangu miguuni hadi usoni. "Wewe?" akasema. "Wewe unayeuliza kila kitu?"

Akaokota firigisi, akaanza kuitafuna polepole, huku bado ananitazama.